Siku Nilipokimbia na Godoro

Kwetu Kirolirwe, miaka ile ya vita, ukimwona mtu anakimbia hukumuuliza sababu. Ulichukua sufuria, ukamfunga mtoto mgongoni, ukamfuata. Maswali mliulizana mkishafika Sake. Ilikuwa akili nzuri na iliokoa watu wengi. Kwangu mimi niliyetaka kuwa bingwa wa mbio ndefu, ilikuwa balaa.

Mbio nilizianza kwa sababu ya maziwa. Kila asubuhi niliyabeba mbio, kwa njia ya ng'ombe iliyo mbali na mashamba, kutoka malishoni hadi kwenye kibanda cha mtengeneza jibini, mzee mwenye pua kali, na maziwa yaliyochelewa aliyarudisha bila huruma. Yangu hayakurudi hata siku moja. Mwalimu wetu wa michezo aliniona nikipita, akasema nina mapafu ya ng'ombe, na huko Masisi hiyo ni sifa kubwa. Akanipa viatu vya mbio vyekundu, vilivyokwisha kuvaliwa na mtu mwingine, akaanza kunifundisha. Saa hakuwa nayo. Alinipima kwa rozari. Nikiondoka alianza kusali, nikirudi aliniambia nimetumia makumi manne na Salamu Maria sita. Siku nilipomuudhi alisali haraka haraka, ili nionekane nimechelewa.

Asubuhi ya kwanza aliponituma nikimbie barabarani, mama mmoja aliyekuwa akipalilia maharage aliniona, akatupa jembe na kuondoka mbio. Jirani yake akamwona yeye. Nilipogeuka na kurudi kijijini, nilimkuta mbuzi mmoja aliyefungwa kwenye mti na mwalimu wangu aliyekuwa bado anasali. Watu walirudi jioni, wamechoka na wamekasirika, na shefu wa kijiji akaitisha mkutano.

"Weye mutoto, unatumaliza," akaniambia, akionyesha mguu wake uliokuwa ukichechemea tangu zamani. "Muguu kama hii, itakimbia vita ya bongo, vita ya kudanganya, kila asubuyi?"

Wengine walitaka nikatazwe kabisa. Mwalimu akanitetea, wakabishana hadi mtu mmoja akasema neno la maana: kwetu hakuna anayekimbia vita mikono mitupu. Hata maskini ana kikapu. Shefu akalishika neno hilo na kulifanya sheria. "Akikimbia mikono mutupu, njo sport. Akikimbia na muzigo, njo vita." Watu wakapiga makofi. Tangu siku ile kila nilipopita watoto walinipigia kelele, "Mikono!", nami niliinua mikono yote miwili wakaiona, nikaendelea na safari yangu.

Mama yangu peke yake hakupiga makofi. Alizaliwa Ntoto, kule Walikale, na vita ilimtoa huko mimi nikiwa mgongoni mwake, siku nyingi za msitu na mvua. Baadaye ikamtoa mahali pengine mara mbili. Kumwambia kwamba kukimbia ni mchezo ilikuwa sawa na kumwambia kwamba kuumwa jino ni mchezo.

"Mimi nilikimbia maisha yangu yote, hakuna mutu alinipatia hata chai," alisema. "Na weye unataka kukimbia bila kufukuzwa?"

Ndipo likatangazwa shindano la mbio kule Kitchanga. Msichana ambaye angekuwa wa kwanza angekwenda Goma kushindana na wa maeneo mengine. Niliitaka Goma ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Mama akasema Kitchanga hapana, na Goma hapana mara mbili. Siku mbili kabla ya mashindano, viatu vyangu vikatoweka chini ya kitanda.

"Panya," mama akasema.

"Vyote viwili, Mama?"

"Walikuwa wawili."

Sikumsemesha tena. Nilikasirika hadi nikasukuma sahani ya ugali, na mimi si mtu wa kuacha ugali. Siku ya mashindano niliondoka alfajiri bila kuaga, nikakimbia peku juu ya mawe ya Kitchanga, nikashinda. Wa pili alipofika nilikuwa nimeshakunywa maji na kupumua.

Mfadhili wa zawadi alikuwa mfanyabiashara wa kutoka Butembo, Mkatoliki mwema mwenye duka, naye alitoa kile ambacho dukani kwake kilikuwa hakiondoki. Lilikuwa godoro. Akatuhutubia kwamba bingwa lazima alale vizuri. Mimi nikalitazama lile godoro, nikamfikiria mama anayelala juu ya mkeka na kuamka ameshika kiuno. Hasira ikanitoka. Nikajiambia, mwanamke aliyelala juu ya sponji hawezi kusema Goma hapana. Nikaitia kifuani barua waliyonipa ya kwenda Goma, nikajitwika godoro, nikaenda nyumbani mbio. Sheria ya shefu niliisahau kabisa.

Nilipotokea juu ya mteremko wa mwisho, nikasikia sauti ya mwanamume kutoka shambani. "Iko na matela! Championne iko na matela!"

Matela kwetu ni godoro, nikadhani ananipongeza kwa zawadi. Nikainua mkono mmoja kumsalimu, wa pili ulikuwa umeshika godoro.

Kijijini nilikuta maharage yanachemka bila mwenyewe. Kwetu mlango ulikuwa wazi, sufuria kubwa haipo, jembe halipo, na mtoto wa dada yangu hayupo. Hapo ndipo nilipokumbuka sheria. Nikatoka mbio kuwafuata. Godoro sikuliacha, maana wakati wa vita nyumba isiyo na watu huwa na marafiki wengi.

Wa kwanza kumfikia alikuwa shefu. Alikuwa akikimbia katikati ya barabara vizuri sana, bila kuchechemea.

"Shefu, hakuna vita!"

"Sasa unakimbia nini?" akauliza bila kugeuka.

"Ninafuata batu, niwaambie hakuna vita!"

"Na matela?"

Jibu lake lilikuwa refu, na pumzi nilizihitaji kwa mbio. Shefu akaongeza mwendo. Mbele yake nilimpita mwalimu, rozari mkononi. "Makumi tatu tu mpaka hapa," akaniambia akihema. "Muzuri sana."

Kisha nikauona mgongo wa mama, mbali chini ya kilima. Sufuria kichwani, mtoto mgongoni, jembe mkononi. Mimi nilikuwa nimetoka kushinda Kitchanga, yeye alikuwa amepita miaka arobaini, nikahesabu kwamba nitamkamata kwenye kona. Nilipofika kwenye kona, yeye alikuwa kwenye kona nyingine. Alikimbia kwa hatua fupi, shingo imenyooka, bila kutazama nyuma. Kwenye mteremko nilimkaribia, kwenye mlima akaninyang'anya yote. Nilipiga kelele "Mama! Mama!", lakini katika kukimbia vita kila mtu anamwita mama yake. Tangu siku hiyo nimeshindana na wanawake wa Goma, Bukavu na Kinshasa, na medali zimepinda msumari ukutani kwangu. Hakuna mgongo ulionitesa kama ule.

Alisimama kwenye kijito, kwa sababu mtoto alitaka kukojoa. Bila mkojo wa yule mtoto ningemkuta Sake.

"Mama, hakuna vita," nikasema nikiwa nimepiga magoti. "Nilishinda. Hii ni matela yako."

Akalitazama godoro. Akanitazama mimi. Akaitazama miguu yangu iliyochanwa na mawe, damu imechanganyika na vumbi. Nikangoja kofi, maana nililistahili. Badala yake akatua sufuria na kufunua kifuniko. Ndani kulikuwa na mbegu za maharage. Ukikimbia vita unachukua kile tu ambacho bila hicho huwezi kuanza tena, na mama alikuwa na mazoezi ya kuchagua. Akaingiza mikono ndani ya mbegu, akatoa kiatu chekundu. Akachimba tena, akatoa cha pili, akavikung'uta asipoteze hata mbegu moja.

"Panya," nikasema.

"Nyamaza."

Nikalia pale pale, kwa furaha na kwa aibu ya zile siku nilizomnunia. Mama akanivalisha viatu yeye mwenyewe na kukaza kamba kwa nguvu, kama anavyofunga mzigo.

"Bale ba mbele hawajajua," akasema. "Kimbia ubaambie barudi. Matela uniachie."

Nilipokuwa nasimama akauliza, akimfuta mtoto makamasi, "Goma iko siku gani?"

"Mu juma yenye inakuya."

"Tutaenda."

Nikaondoka mbio. Wenzetu wa mbele waliponiona natokea nyuma yao walianza kuongeza mwendo, kisha mmoja akageuka na kupiga kelele, "Mikono!" Nikainua yote miwili.