Mama wa Kitisuru na Safari ya Naili

Mwaka wa 1969 nilimfungia mama wa watu ndani ya nyumba. Sikutumia kufuli. Na mtoto wake alinishika mkono akanishukuru.

Ngojeni niwaeleze kabla hamjaanza kunitukana.

Naitwa Muthama. Polio ilinishika nikiwa mdogo, natembea na magongo hadi leo. Wakati huo nilikuwa opereta wa simu kwa kampuni ya safari, ghorofa ya nne, katikati ya Nairobi. Lifti ikiharibika, na iliharibika kila wiki, nilikaa huko juu kama mfungwa mpaka fundi aje. Choo kilikuwa ghorofa ya tatu. Hiyo sitaki kuieleza.

Tulikuwa tunauza safari za meli ya kifahari ya mto Naili, kule Uganda. Siku tano majini. Vitambaa vyeupe mezani, wahudumu wamevaa glavu, unatazama viboko huku unakunywa chai.

Akipiga simu mteja mlemavu, bosi wetu, Bwana Kihara, alinisukumia mimi.

"Muthama, mwambie wewe pia ni mlemavu na umeipanda. Atakuamini."

"Lakini bosi, hiyo meli mimi nimeiona kwa karatasi tu."

"Unataka kazi ama hutaki?"

Nilitaka. Nani angeniandika tena na haya magongo?

Basi siku moja akapiga mama mmoja wa Kitisuru. Lafudhi ya Kikamba kabisa, nikasikia nyumbani. Jina lake Nzembi. Ugonjwa wa sukari ulifanya akatwe miguu yote miwili, yuko kwa kiti cha magurudumu. Marehemu mume wake alipika kwenye meli hiyo miaka kumi na mbili, na yeye hakuwahi kukanyaga ndani.

"Nataka kukaa kwa ile meza alikuwa anapikia watu," akaniambia. "Na mimi niletewe supu. Kiti changu kitapita mlangoni?"

"Kitapita, mama. Mimi mwenyewe nimeipanda na magongo. Mlango ni mpana kama wa kanisa."

"Sema tena kwa nguvu. Mtoto wangu yuko hapa, nataka asikie."

"Kitapita! Haki ya Mungu!"

Mama akacheka mpaka nikacheka na mimi.

Lakini jameni, ile haki ya Mungu ilinikaa kooni. Nikamwandikia karani wa meli kisirisiri, nikamwomba anipimie mlango kwa kamba, vile mafundi wa kwetu hupima. Baada ya wiki mbili bahasha ikaja. Ndani kuna kipande cha kamba ya katani na barua fupi. Upana wa mlango ni huu. Chumba cha kulia kiko juu, ngazi kumi na mbili.

Nikaanza kumwona yule mama akitumbukia mtoni na kiti chake, mamba wakimngoja. 

Jumamosi, siku tatu kabla ya safari, nikachukua teksi hadi Kitisuru. Nyumba kubwa, miti kila upande, na ngazi saba za mawe mbele ya veranda. Yeye alikuwa juu na kiti chake, mimi chini na magongo. Zile ngazi hazikuwa na pa kushika. Sikuweza kupanda, na yeye hakuweza kushuka.

Mtoto wake, Makau, mkubwa fulani wa wizara, alikuwa kando yake anasoma gazeti. Sanduku la safari lilikuwa limeshafungwa, liko mlangoni.

Nikaropoka yote papo hapo uani. Nikamrushia Makau ile kamba, akaipima kwenye kiti cha mama yake. Ilipungua vidole vinne.

"Mama, huendi," akasema. Hakumwangalia hata usoni.

Akashuka, akanishika mkono. "Asante sana, ndugu yangu. Nilimwambia ataenda tu kama kampuni ina hakika. Umemwokoa mama yangu."

Wee, nilivimba kichwa! Nikajiona malaika.

Makau akaingia ndani kupiga simu kufuta safari. Ndipo mama akasukuma kiti mpaka ukingoni mwa ngazi.

"Ni wewe wa simu?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe nilikudanganya."

"Kwani unadhani sikujua? Mzee wangu alipitisha sinia kwenye hiyo milango miaka kumi na mbili, kila likizo analalamika jinsi ilivyo myembamba. Nilipigia kampuni nne. Zingine zote ziliniambia ukweli. Wewe peke yako ulidanganya, ndio maana nikakuchagua."

Nikatazama lile sanduku pale mlangoni.

"Kiti kingebaki nje, mabaharia wanibebe. Kubebwa ni nini? Miaka mitatu hizi ngazi nashushwa kwenda hospitali tu. Nilihitaji mtu mmoja aseme ndiyo mbele ya huyu mtoto. Mmoja tu."

Nikamwita Makau kwa sauti yangu yote. Akatoka.

"Bwana mkubwa, mama anasema yuko tayari kubebwa. Mwache aende!"

"Si wewe mwenyewe umesema ni hatari?" akanijibu. "Nimeshafuta."

Mama Nzembi aligeuza kiti, akaingia ndani. Hakuniaga.

Jumatatu Bwana Kihara alinifuta kazi. Hiyo haikuniuma. Mwaka wa sabini na moja mambo ya Uganda yakaharibika, safari zile zikaisha kabisa. Mwaka wa sabini na tatu nikaona tangazo la kifo cha Mama Nzembi gazetini. Alikuwa bado Kitisuru.

Sasa nyinyi mnaopenda kusaidia watu, nisikilizeni. Mimi ni mlemavu. Maisha yangu yote wengine wameniamulia, na nimechukia mpaka basi. Halafu siku nilipopata nafasi ya kumsaidia mlemavu mwenzangu, nikaongea na mtoto wake.

Nilikuwa opereta wa simu, wadau. Namba yake nilikuwa nayo. Ningempigia tu nimuulize, "Mama, mlango ni mwembamba, bado unataka kwenda?"

Sikupiga.