Jiwe la Alfani

Mke wangu Hawa anauza maharagwe katika soko la Manika hapa Kolwezi, na kwa ukaidi hana mwenzake. Mwaka ule mama yake, Asia, alikuwa amepofuka kabisa, na ombi lake lilikuwa moja tu: mumewe Alfani awekewe jiwe lenye jina kabla yeye hajafa. Alfani alikuwa akiuza chumvi na vitambaa katika kambi ya wachimba madini ya bati chini ya milima, kule ng'ambo ya mto Lubudi. Alifia huko. Baadaye kambi ikafungwa na watu wakatawanyika.

“Makaburi ya bakristu iko na misalaba,” Asia alimwambia binti yake. “Ya baba yako inaangalia kibla, inalala kivyake. Utaijua tu.”

Fundi akamwaga jiwe la saruji, akachora jina. Nikalipakia kwenye lori langu huku nikinung'unika, maana njia ya Lubudi wakati wa mvua ni adhabu.

Kambi hatukuiona. Nilitarajia walau ukuta mmoja, kumbe watu walishabeba matofali zamani wakajengea kwao. Zilibaki nyasi za kufika mabegani, na milima juu yake. Aliyetuongoza ni Tata Mbayo, mzee mkulima wa jirani aliyechimba bati hapo ujanani. Alitufikisha makaburini, akafyeka kidogo, akasimama.

Misalaba yote ilikuwa imeliwa na mchwa. Vilibaki vituta vya udongo tu, na vyote vilielekea upande mmoja. Hawa akazunguka, akainama, akarudi alikotoka.

“Tata, mbona yote inalala sawasawa?”

“Tulibachimbia bote vile vile, mama. Muislamu, mukatolika, shimo ilikuwa ya namna moja.”

Hapo nikaelewa. Kwetu huku kibla iko kaskazini, kwa hiyo maiti wetu hulazwa kufuata njia ya jua, na Wakristo nao hivyo hivyo. Tofauti ni kichwa kiko upande gani tu, na hiyo imefukiwa.

Mbayo akaonyesha kituta kimoja. “Ni hii.” Tukashusha jiwe, Hawa akapiga magoti. Mara mzee akajikuna kichwa. “Ao ile ya pembeni.”

“Tata, unajua ao haujue?”

“Sijue, mama. Nilitaka tu urudie na roho ya muzuri.”

Laiti angenyamaza! Nikamwambia Hawa tuliache jiwe popote, Mungu atajua. Akanikazia macho.

“Abibu, niweke jina ya baba juu ya mutu mwingine?”

Tukalirudisha kwenye lori. Alilia njia nzima, na mimi niliichukia ile milima kana kwamba ndiyo iliyomficha Alfani.

Nyumbani Kolwezi, Asia alikuwa ameketi mkekani akitusubiri.

“Mulimuona?”

Niliinama kufungua viatu, nisimtazame Hawa.

“Tulimuona, mama. Jiwe inasimama muzuri.”

Asia akamshika uso kwa mikono miwili, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu macho yake yazimike.

“Basi mi siogope tena. Siku nitakufa, Abibu anipeleke kule na lori yake, munilaze pembeni ya bwana yangu. Uniapie, Hawa.”

Hawa akaapa.