Roho ya Mulumba

Mi nauza makala, makaa ya kupikia, hapa Dilala, mlango kwa mlango na Mulumba, kwa hiyo msinisimulie habari zake. Anaziba matairi ya pikipiki. Asubuhi, kabla ya kushuka shimoni kwenye mgodi wa Mashamba, wachimbaji wanasimama kwake: "Tata Mulumba, roho yako inasema nini leo?" Anawajibu, "Haisemi kitu." Wanaondoka wamefurahi. Lakini akiwakaribisha bukari, ugali wetu, hakuna anayenawa mikono. Wanafiki wakubwa!

Watu wa mbali wanasema machale. Kwetu ni roho. Mchimbaji akisema "roho yangu inakatala", anabaki juu siku hiyo, na ni mwiko kumwuliza sababu. Ukimlazimisha, halafu shimo likaanguka, lawama ni yako.

Kuna siku, wakati bado anachimba, Mulumba alisema neno hilo. Wenzake wakashuka bila yeye, na Hénock, mdogo wake, alikuwa kati yao. Udongo ukawafunika. Kwenye kilio, Honorine, mke wa Hénock, alimkazia Mulumba macho mbele ya watu wote: "Ulijua. Ukamuacha ndugu yako aingie." Tangu hapo anaitwa mulozi, yaani mchawi. Watoto wa Hénock, ambao Mulumba alikuwa akiwabeba mabegani, wakimwona wanavuka barabara. Hilo ndilo linalommaliza. Aliniambia mwenyewe: "Mama Kanku, batu basipokuja, basikuje. Mi nataka batoto ba mudogo wangu tu."

Mwezi uliopita Honorine akaja. Mulumba aliinuka haraka hadi akaangusha pampu, akapangusa kiti kwa shati lake. Masikini! Niliona furaha ile nikataka kulia.

Honorine hakukaa. "Mechack, ndugu yangu, anataka kuanza kushuka shimoni. Roho yako inasema nini?"

Mulumba aliokota pampu, akaiweka pembeni.

"Honorine, roho haijaniambia kitu hata siku moja. Ile siku tumbo ilikuwa inaniendesha. Nilisikia haya mbele ya batu. Nikasema roho, juu ya roho hakuna mwenye anauliza sababu. Kama ningejua, ningemufunga Hénock na kamba."

Nikajisemea, haya, yamekwisha, leo amesafishwa. Thubutu! Honorine alimwamini, nilimwona, na kuamini huko ndiko kulikomvunja.

"Basi hakuna mwenye alijua?"

"Hakuna."

"Alikufa tu hivi?"

"Tu hivi."

Akalia kilio ambacho hata siku ya mazishi sikukisikia. "Afadhali ungekuwa mulozi, Mulumba. Sasa hasira yangu nitaipeleka kwa nani?"

Habari ilifika soko lote. Hakuna anayemwita mulozi tena, wala hakuna anayesimama kwake isipokuwa tairi limetoboka. Nilisikia uchungu, nikampelekea kisamvu, akasema ameshiba. Uongo.

Honorine amehamia Kisenge kwa mama yake, na watoto wote. Hakumuaga Mulumba; aliambiwa na mi, muuza makala.