Mganga Aliyetolewa Kikosini

Fundi cherehani alijiunga na mchezo ule wa mtandaoni kwa sababu moja tu: mwanawe alikuwa hamsemeshi nyumbani, ila mchezoni alibwabwaja kama redio. Hakumwambia kijana. Alijifanya mganga, akaegemeza simu kwenye cherehani, na kwa miaka mitatu, huku mguu ukikanyaga pedeli, kidole chake kilimponya mwanawe kila alipokatwa panga. Kijana alimwita "dada mganga", akamwaga hadi siri za mapenzi yake.

Jumatatu likaja toleo jipya. Nguvu za waganga zikapunguzwa nusu, na kila mpiganaji akapewa chupa ya dawa ajitibu mwenyewe. Wachezaji kila kona wakalalama, wengine wakawatukana wenye mchezo. Mwanawe, ambaye ndiye mkuu wa kikosi, hakulalama. Aliandika: "Huyu mganga sasa mzigo. Nani anataka tumtoe?"

Kura kumi na moja zikaja papo hapo. Fundi akasikia kicheko cha kijana kikipenya mlango wa chumbani.

Akakata uzi kwa meno. Akaenda ukutani, akasubiri mpaka joka la mchezoni likaanza kunguruma kule chumbani na mwanawe akifoka, ndipo akachomoa waya wa intaneti.

"Mama! Mtandao umekatika! Nakufa huku!"

"Kunywa dawa yako ya chupa, mkuu wa kikosi," akajibu. "Dada mganga mmeshamtoa."