Kuku wa Safta Apimwa Kizingitini

Mwanamke mkaidi mpishe apite, utaokoa muda. Safta, jirani yangu wa uzio mmoja, alikuja na ukaidi wake tangu siku alipoletwa kijijini kwetu bibi harusi, kutoka ng'ambo ya mto Siret. Mama mkwe alimwambia maharage hayapandwi karibu na kisima. Akayapanda hapohapo, yakazaa kuliko ya wote, na yule mama hakumsamehe mpaka anaingia kaburini. Watoto hawakujaliwa. Walikuwa yeye, ng'ombe mmoja, kuku, na mumewe Gavril.

Gavril alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa kijiji kizima. Alfajiri alipita barabarani akiita, na ng'ombe wetu walitoka wenyewe kwenye mageti, maana sauti yake ilifika hadi mtoni. Majira ya kuchipua mwaka ule kiharusi kikamwangusha malishoni. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umekufa, mdomo umevutwa upande mmoja, na ile sauti imekwenda. Neno moja halitoki.

Basi akagoma kula. Kumeza aliweza, daktari mwenyewe alisema. Ilikuwa aibu. Supu ilimchuruzika kidevuni mbele ya mkewe, naye akageukia ukuta, na ukutani akabaki. Safta alibembeleza, akalia, akatukana. Mimi nilimletea supu ya maini, na mnajua mimi maini sigawi hovyo. Hakugeuka. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu juu ya blanketi.

Wakati huohuo vifaranga vya Safta vilikuwa vinakua, na kimoja kilikuwa kinakua vibaya. Mdomo wa juu ulikwenda kushoto, wa chini ukaenda kulia, ukapishana kama mkasi. Kilidonoa punje, punje ikaanguka. Wenzake wamekuwa kuku, chenyewe bado ukubwa wa ngumi.

Nikamwambia, "Safta, kivunje shingo kifaranga hicho. Kinateseka."

"Nimekuuliza?"

"Hujaniuliza, nakuambia."

"Basi umeshaniambia. Nenda kapike."

Akakiingiza ndani, akakiwekea kikapu karibu na jiko la kuni, hatua chache tu na kitanda cha mgonjwa. Akakiita Mkasi. Aliloweka ugali wa manjano kwenye maji ya jibini mpaka ukawa uji mzito, akaujaza kwenye bakuli lenye kina, ili kuku azamishe mdomo wote na kuchota kwa taya la chini. Ncha za mdomo zilipokuwa ndefu alizisugua kwa tupa ya kucha, kidogo kidogo, asifike kwenye damu. Kwa kuwa Mkasi hakuweza kujichambua manyoya, utitiri ungemmaliza, basi Safta alimpaka majivu chini ya mbawa. Jioni alimpapasa shingoni ajue kama ameshiba. Mtu mwenye mume kitandani na ng'ombe zizini anampapasa kuku shingo! Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kumbe mwenzangu alikuwa ameona nisichokiona. Siku moja Mkasi alizama kwenye bakuli mpaka machoni, akatikisa kichwa, uji ukaruka ukatua kwenye blanketi la Gavril. Gavril akageuka. Akamtazama yule kuku anavyojipaka na kumwaga na kung'ang'ana, bila aibu hata chembe. Akafungua mdomo. Safta alichukua kijiko akamlisha. Tangu hapo yalikuwa mabakuli mawili, moja la kuku na moja la mume, na kila mmoja alimwaga kadiri alivyotaka. Siku niliyompeleka Mkasi uani ili Safta afagie, Gavril alifunga mdomo akageukia ukuta. Akarudishwa kuku, akala. Safta alinitazama, na nikaelewa kwamba uhai wa mume wake umekalia kikapu cha kuku.

Ndipo vuli ilipoingia na balaa lake.

Asubuhi moja kabla ya jua, niko kisimani, nikasikia kuwika kutoka nyumbani kwa Safta. Sauti mbovu, ya kukwaruza, iliyokatika katikati. Ndoo ikanitoka. Jogoo wao alichukuliwa na mbweha tangu kiangazi, na kuku wengine wote walikuwa bandani upande wa pili. Ndani ya nyumba ile alikuwamo kuku mmoja tu, tena wa kike.

Kwetu kila mtu anajua maana ya tetea kuwika. Anamwitia mwenye nyumba kifo.

Safta naye aliisikia, akiwa zizini anakamua. Nilimwona ametoka na ndoo, uso mweupe kama maziwa yenyewe. Kesho yake sauti ikawika tena saa ileile, na siku ya tatu pia. Lisemwalo lipo, na kwetu husemwa haraka. Habari ikafika kijiji cha juu kwa Varvara, dada mkubwa wa Gavril, aliyemlea kaka yake tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Akashuka na shoka chini ya shali. Alinipitia mlangoni.

"Wewe Zamfira njoo. Nataka shahidi, asije akasema nimemwonea."

Tulimkuta Safta anasugua mdomo wa kuku kwa tupa. Gavril alikuwa kitandani, ameegemezwa mito.

"Mlete huyo," Varvara alisema.

"Karibu wifi. Hata salamu hakuna?"

"Salamu nitatoa kaka yangu akipona. Kuku mdomo umepinda, na mume wako mdomo umepinda, halafu unamlaza naye chumba kimoja! Sasa anamwitia jeneza kila alfajiri na wewe unamkata kucha!"

"Nampunguza mdomo."

"Safta!"

"Akifa huyu, kaka yako hatakula. Asipokula atakufa. Hilo nalo ni la kuambiwa na kuku?"

Hapo nikajua kwamba naye anaogopa. Angekuwa haamini, angetufukuza wote wawili kwa ufagio. Lakini alikuwa amesikia kwa masikio yake, na hata kwao ng'ambo ya mto imani ni hiyohiyo. Hilo ndilo lililonitia hofu mimi. Nilizoea kumwona anabishana na walio hai, na safari hii hakujua anabishana na nani.

Mwishowe akasema, "Usimchinje tu hivi. Mpime. Kama ni desturi, basi iwe desturi yote."

Varvara hakuwa mtu wa kuruka desturi. "Haya. Apimwe."

Kuku aliyewika hupimwa hivi. Unamlaza sakafuni chini ya picha takatifu, ukutani kabisa, kichwa kikielekea mlangoni. Unampindua, mkia unatangulia. Unampindua tena, kichwa kinatangulia. Hivyo hivyo mpaka kizingitini. Ukifika mkia, unakatwa ncha ya mkia, balaa linaondoka nayo, na kuku anaishi. Kikifika kichwa, kinakatwa kichwa. Na anayeshika kuku ni mwenye kuku, hakuna wa kumsaidia.

Safta akapiga ishara ya msalaba, akapiga magoti. Kichwa. Mkia. Mkasi alikuwa mpole, amezoea kushikwashikwa, alidhani ni mambo ya utitiri tena. Kichwa. Kitandani Gavril alianza kupiga ubao kwa mkono wake mzima.

"Tulia kaka," Varvara alimwambia bila kugeuka. "Ni kwa ajili yako."

Mkia. Walipita jiko. Ubao ulizidi kupigwa, na mimi nikaenda kumshika mkono, nikidhani anaogopa damu. Alinisukuma. Macho yamemtoka, shingo imejaa mishipa. Nikamwambia, "Baba, tulia, karibu wanamaliza." Mungu anisamehe, nilikuwa namfunga mdomo mtu aliyekuwa anatafuta kusema.

Kichwa. Mkia. Safta sasa alikuwa anakwenda polepole, nikaona anapima kwa macho nafasi iliyobaki, na nikapima nami. Nilijua kabla hajampindua. Akampindua. Kichwa cha Mkasi kikalala juu ya ubao wa kizingiti, sawasawa, kama kilichokatiwa mahali pake.

Varvara akatoa shoka.

"Shika vizuri, wifi," alisema, na safari hii alisema kwa huruma. "Mshike mdomo asiruke."

Safta akaufunga ule mdomo uliopinda ndani ya kiganja chake. Machozi yalimdondoka kwenye manyoya. "Uliniletea mume mezani," alimwambia kuku. "Nisamehe." Shoka likapanda.

Ikawika.

Sauti ileile, mbovu, ya kukwaruza, iliyokatika katikati. Varvara akaganda na shoka hewani. Sote tulimtazama Mkasi, na Mkasi alikuwa amefungwa mdomo kabisa ndani ya mkono wa Safta, anapepesa macho tu.

Ikawika tena, nyuma yetu.

Gavril alikuwa amekaa wima bila mito. Uso mwekundu, mate kidevuni, mdomo umevutwa upande, na kooni mwake ile sauti ilikuwa inapanda na kukatika, inapanda na kukatika. Ndiyo sauti pekee iliyombakia. Kila alfajiri Safta alipotoka kwenda kukamua, alikuwa anajaribu kumwita mkewe, na kilichotoka ni hicho. Mbele yetu alikuwa akiona aibu. Sasa aibu aliitupa kwa ajili ya kuku.

Shoka likashuka taratibu, likalala sakafuni. Safta alibaki kwenye magoti, kuku mkononi, anamtazama mumewe. Kisha akamtazama Varvara.

"Haya wifi," alisema. "Mlete na huyu tumpime."

Mimi ndiye niliyecheka kwanza, kicheko kibaya cha mtu aliyeogopa sana. Varvara hakucheka. Alikaa palepale kizingitini, akajifunika uso kwa shali, akalia kwa sauti kama msibani.

"Alikuwa ananiamsha hivyo," alisema. "Mdogo, hata suruali hana, anakuja dirishani kwangu anawika ili twende malishoni. Mimi mwenyewe sikumjua! Kaka yangu nisimjue sauti!"

Gavril akawika tena, kwa upole, kwa ajili yake. Hapo nami nikalia.

Lakini Varvara ni Varvara. Alipomaliza kujifuta pua aliomba mkasi wa kushonea. Akamkata kuku ncha ya mkia. Halafu akaenda kitandani, akamkata kaka yake kishungi cha nywele za kisogoni. Vyote akavitupa jikoni kwenye moto.

"Mnanitazama nini?" alituambia. "Waliowika wote wamekatwa. Imekwisha."

Safta alikuwa ameshaloweka ugali. Akaleta mabakuli mawili, akataka kukaa na kijiko kama kawaida, lakini wifi yake alikipokea. Mkasi akazama mpaka machoni, akatikisa kichwa, uji ukamrukia Varvara kwenye shali lake jeusi la sikukuu. Hakulipangusa. Alikuwa anamlisha kaka yake.