Nilimbishia Baba Mkwe Habari za Mwizi wa Msalabani

Mimi ni mjinga, tena mjinga mwenye cheti! Niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba Biblia za wakimbizi wa Burundi zilitiwa dawa: ukizisoma jioni, asubuhi unaamka umesahau jina la mama yako, na ukiendelea unaanza kuota kwa Kirundi. Cheka tu. Mimi sikucheka. Habari hiyo niliilinda kama mbuzi wa mahari.

Ilikuwa Kasulu, miaka ya tisini, watu wakimiminika kutoka ng'ambo ya mpaka, na kila kijiwe kina mtaalamu wake. Wa kwetu alikuwa Zabuloni, fundi baiskeli.

"Wamebadilisha hata maneno ya Biblia zao," alisema huku anajaza upepo. "Msomi kama wewe utayaona mara moja."

Msomi! Hapo ndipo aliponimaliza. Ndiyo kwanza nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni, natembea kama vile vilima vyote vya Buha vinanipisha njia. Kwenye somo la dini tulisoma Injili ya Mathayo peke yake, nami niliikariri mpaka kuku wa nyumbani wakaijua.

Nilikuwa namchumbia Daphrosa. Baba yake, Mzee Melkiori, alikuwa katekista, Mrundi aliyekimbilia kwetu tangu mimi natambaa. Kaka yake Daphrosa, Emanueli, aliiba baiskeli Kibondo, watu wakampiga mpaka akafa. Kijiji kizima kilijua. Na mimi nilijua! Nisikilizeni vizuri: nilijua.

Siku ya kupeleka jembe la mahari, chungu cha pombe ya ndizi kikawekwa katikati, mrija wangu na wa baba mkwe humo humo. Mkishanyonya pamoja, mmekuwa ndugu. Ukichomoa mrija wako mbele ya mwenye nyumba, umemwambia yeye ni adui. Hata mlevi wa mwisho anajua hilo.

Kabla ya kunywa, Mzee akafungua Biblia yake ya Kirundi, akawa anasoma na kutufasiria kwa Kiswahili: wahalifu wawili waliosulubiwa pamoja na Yesu, mmoja akamtukana, mwingine akaomba akumbukwe, akaahidiwa kuingia peponi. Sauti ya Mzee ikakatika. Mama mkwe akafuta macho kwa kitenge.

Na mimi? Damu ikanichemka! Mathayo anasema wote wawili walimtukana. Wote! Nikaruka juu kama niliyekalia siafu.

"Mzee, umedanganywa! Hiyo Biblia imechezewa. Hakuna mwizi aliyetubu pale!"

"Kaa, mwanangu," alisema taratibu.

Baba mdogo, aliyekuwa mshenga wangu, akanivuta shati. "Wee mtoto, una wazimu? Kunywa!"

"Sinywi na watu wa Biblia ya dawa!"

Nikachomoa mrija, nikautupa migombani. Ee Mungu wangu! Mkono huu huu unaoandika!

Mzee Melkiori alifunga kitabu, akaingia ndani. Kesho yake shangazi yake Daphrosa akalirudisha jembe, akaliegemeza ukutani. Hata maji ya kunywa alikataa.

Nikamvamia Zabuloni. "Yale maneno yaliyobadilishwa uliyasoma wapi?"

"Mimi? Hata sijawahi kuishika Biblia yao." Akanitazama. "Kwani ulikuwa unaamini kweli, msomi?"

Akacheka mpaka spana ikamdondoka! Hasira niliyokuwa nayo ingeivisha maharage ya kambi nzima. Mpaka leo nikisikia mtu anajaza upepo, meno yanauma. Lakini Zabuloni hakuushika ulimi wangu. Ulimi ulikuwa wangu, na mbele yangu alikaa mzazi aliyezika mtoto.

Ndugu zangu, mtu akikuita msomi ili ukamtukane mwenzako kwa niaba yake, mkimbie! Kimbia, acha na viatu! Mimi sikukimbia, nikakosa mke, nikakosa baba.

Na ujinga wangu haukuishia hapo. Nilibeba Biblia yangu ya Kiswahili mpaka kwa Daphrosa, nikidhani nikimwonyesha mstari atanirudia. Nilimkuta anapepeta maharage. "Mwidiwe!" nikamsalimu kwa Kiha. Akaendelea kupepeta.

"Soma hapa, kwa Mathayo. Wote wawili!"

Akafuta mikono kwenye khanga, akasoma. "Ndivyo Mathayo alivyoandika," alisema. Kisha akafunua kurasa za mbele katika kitabu hicho hicho changu, akanionyesha Luka. Yule mwizi alikuwemo! Anaomba akumbukwe, kwa Kiswahili, kama alivyosoma Mzee.

Nikababaika. "Sasa... muongo ni nani?"

"Hakuna muongo. Mathayo anakuonyesha Yesu aliyeachwa na kila mtu, hata na wezi. Luka anakuonyesha kwamba hata mwizi, pumzi ya mwisho, anasikilizwa. Kila mmoja aliandika alichotaka watu wake wakione, na wazee wa kanisa wakaviweka vyote, hawakufuta cha yeyote. Baba anavijua vyote viwili, kila Jumapili anavifundisha." Akanirudishia Biblia yangu. "Nyumbani anasoma Luka kwa sababu ya Emanueli."