Afisa Uvuvi na Sindano ya Wavu

Wiki iliyopita niliteremka kutoka Litembo kwenda ziwani kununua usipa, wale dagaa wa ziwa letu, nikamkuta afisa uvuvi amekaa mchangani, suruali kaikunja hadi magotini, anashona wavu. Pembeni yake mtafiti wa samaki alihangaika na fundo, ulimi nje.

Nikadhani ni mafunzo. Mama muuza usipa akacheka mpaka akaweka sahani chini. "Mafunzo gani, baba? Hao ni wafungwa wetu!"

Kumbe kijiji, afisa na mtafiti walikubaliana kufunga uvuvi kwenye miamba ili samaki wazaliane. Afisa mwenyewe ndiye aliyesisitiza kwamba atakayekamatwa huko, hata awe nani, atashona nyavu za wenzake kutwa nzima. Jana yake mtafiti akaenda palepale kuvua vifaranga vya samaki vya kupima, afisa akimpigia kasia. Doria ya wavuvi ikawanasa wote wawili.

"Lakini tulikuwa tunapima tu," mtafiti alijaribu tena.

"Hata sisi tukikamatwa huwa tunapima tu," akajibu mwenyekiti wa wavuvi. Kisha akapitisha kidole kwenye kiraka alichoshona afisa. Kidole kikakwama. "Samahani, mheshimiwa. Macho madogo haya. Wavu wa hivi wewe huwa unauchoma moto. Fumua."

Afisa akafumua.

Kwenye semina jambo hili huitwa ushirikiano wa wadau, nasi hunywa soda tukaondoka. Miaka yote nimewasikia watu wa pale wakisema "sheria ya serikali". Siku ile mama yule, akinifungia usipa wangu, aliniuliza kwa madaha:

"Umeiona sheria yetu?"